Kisima cha Liyongo na kitabu cha kumi

Mpwa wangu ni baharia wa mashua ya tanga, ile ya kuwatembeza wageni Manda na Shela. Msimu wa wageni ukipungua husoma. Mwezi uliopita alinijia barazani kwangu Langoni, hapa Lamu, akaketi, akaweka kitabu kinene kifudifudi baina yetu. "Mjomba," akasema, "kurasa mia tatu na bado kila mtu anashangaa jambo lile lile. Mimi basi."

Nilikijua kitabu chenyewe kabla ya kukigeuza. Ni Crossroads of Twilight, cha kumi katika mfululizo wa The Wheel of Time wa Robert Jordan, kilichotoka Januari 2003. Nilikisoma mwaka ule ule, baada ya kukingoja miaka miwili na ushei, na nikakifunga nikiwa na uchungu wa mtu aliyealikwa karamuni akaoneshwa sufuria. Tangu hapo nimefanya kazi ya kusoma miswada ya riwaya kwa niaba ya wachapishaji, na nimefundisha fasihi, na kwa hiyo swali hili nimelibeba muda mrefu: ni nini hasa kinachomchosha msomaji katika hadithi ndefu ya fantasia?

Kwanza niondoe lawama isiyostahili. Msomaji akilalamika, huambiwa hana subira, amezoea video fupi za simu, vitabu vikubwa si saizi yake. Silikubali neno hilo hata kidogo. Mtu aliyefika kitabu cha kumi amekwisha kusoma maelfu ya kurasa. Subira ameileta mwenyewe mlangoni. Na sisi watu wa visiwa hivi hatuwezi kuambiwa habari ya urefu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, una zaidi ya beti 1,100, na watu waliusikiliza ukighaniwa. Urefu haujapata kuwa kosa.

Wala upole wa mwendo si kosa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa mfano bora ninaoujua uko kwetu, katika Utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Mnakumbuka mwisho wake. Liyongo amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anaamka na maumivu, anachukua uta na mishale, anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kutia mshale utani, kisha anakufa katika hali ile ile. Watu wa mji hawajui kwamba amekufa. Wanamwona kwa mbali, mshale umeelekezwa, na hakuna athubutuye kwenda kuteka maji. Mama yake anaombwa amwendee, ambembeleze. Anakwenda, anarudi. Anakwenda tena.

Tazameni kinachotendeka pale: hakuna. Mtu mmoja amepiga goti, hasogei. Hakuna pambano, hakuna safari, hakuna siri mpya inayofichuliwa. Ukimweleza mtu kwa sentensi moja, "mji mzima unamngoja maiti aondoke kisimani", atadhani ni sehemu ya kupiga miayo. Lakini kila siku inayopita kiu inazidi. Mama anaporudi mara ya pili, swali si lile la jana. Jana tuliuliza, je, atampiga mtu mshale? Leo tunauliza, mbona hamjibu hata mama aliyemzaa? Kesho tunaanza kuingiwa na shaka ambayo watu wa mji hawajathubutu kuitamka. Mhusika amesimama, swali linatembea. Hiyo ndiyo taharuki, na haina uhusiano wowote na wingi wa panga zinazochomolewa.

Kazini nina desturi moja. Ninaposoma mswada, mwisho wa kila sura naandika pembeni kwa penseli swali ambalo msomaji analo mkononi wakati huo. Swali tu. Sura zikiwa tatu mfululizo na swali ni lile lile, kwa maneno yale yale, naandika chini yake "shwari", yaani hakuna upepo. Mwandishi huja juu, huniambia, "Lakini katika sura hizo kuna vita viwili!" Ndiyo, viko. Na baada ya vita vyote viwili bado nauliza nilichokuwa nikiuliza.

Turudi kwa kitabu cha kumi. Asiyetaka kujua yaliyomo aruke aya hii na mbili zifuatazo. Kitabu cha tisa, Winter's Heart, kilitoka mwaka 2000 na kilimalizika kwa tendo kubwa kabisa: Rand, shujaa mkuu, anausafisha upande wa kiume wa nguvu za uchawi, uliokuwa umetiwa uchafu tangu enzi na enzi na kuwatia wazimu wanaume wote walioutumia. Ukifunga kitabu hicho, una swali moja tu: sasa je? Dunia iliyosafishwa itakuwaje? Jordan badala ya kujibu alirudi nyuma. Sehemu kubwa ya kitabu cha kumi inatokea kabla ya tendo lile au wakati ule ule. Kikundi baada ya kikundi, mahali baada ya mahali, watu wanahisi nguvu kubwa ikiwaka mbali na kuulizana ni nini. Msomaji anajua ni nini. Amelijua tangu kitabu kilichopita. Rand mwenyewe anaonekana kidogo mno.

Kosa liko hapo, na ni kosa la muundo. Si maelezo ya nguo na chai, ingawa hayo ndiyo watu huyalalamikia zaidi kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette alitufundisha tangu 1972 kutenganisha wakati wa kisa na wakati wa usimulizi: mwaka unaweza kupita kwa sentensi moja, na saa moja ikachukua sura nzima. Kurefusha saa si dhambi. Ila ukiirefusha saa ambayo msomaji anajua mwisho wake, kumshangaza humwezi tena. Unamfanya asimame dirishani kuwatazama wengine wakishangaa.

Kisha kuna Perrin na mkewe Faile. Faile anatekwa mwishoni mwa kitabu cha nane, kilichotoka 1998. Perrin anamtafuta katika cha tisa. Anamtafuta katika cha kumi. Anamwokoa katika cha kumi na moja, mwaka 2005. Miaka saba kwa sisi tuliokuwa tukingoja kitabu baada ya kitabu! Katika hadithi, muda wenyewe ni mfupi tu, wala si miaka. Huyu mume ana kila haki ya kuhangaika, na mimi nampenda Perrin kuliko wahusika wengi wa mfululizo ule. Lakini weka swali la sura zake pembeni: atampata? Atampata? Atampata? Kisimani kwa Liyongo kiu ilikuwa ikizidi. Kwa Perrin uchungu ulikuwa mkubwa tangu siku ya kwanza, na ukabaki pale pale.

Nilimweleza mpwa wangu kwa kazi yake mwenyewe, akanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Wakati wa kusi, ukitoka Lamu mjini kwenda Shela, upepo unakukabili usoni. Huwezi kwenda moja kwa moja. Unapiga bisho: unakata mlango kuelekea Manda, unageuza foromali, ule mti unaobeba tanga, unarudi upande wa Lamu, unageuza tena. Mgeni aliyeketi tezini hudhani nahodha amepotea. Nahodha hatazami omo peke yake, anatazama alama nchi kavu. Kila ukirudi upande wa Lamu, umeupita mnazi uliokuwa mbele yako mara iliyopita. Hilo ndilo linalomtuliza.

"Na maji yakiwa yanajaa," akanikatiza, "waweza kupiga bisho tatu, ukarudi mnazi ule ule."

Naam. Msomaji wa hadithi ndefu hachukii kupelekwa Manda. Anachukia mnazi ule ule.

Kwa nini waandishi hodari huishia hapo? Jordan hakuwa mvivu wala mchanga. Sababu kubwa ni hesabu, tena hesabu nyepesi. Chukua mfano wa kubuni: riwaya ya sura 30 yenye nyuzi sita za visa. Kila uzi unapata sura tano. Kila shujaa akikutana na watu wapya, mmoja wao anakuwa na uzi wake. Zikifika kumi, kila mmoja una sura tatu. Mhusika unayempenda atatokea mara tatu tu katika kitabu ulichokingoja miaka miwili, na katika mara hizo tatu mwandishi lazima akukumbushe alikuwa wapi, amfikishe mahali fulani, amwache pazuri. Sogeo lenyewe linabaki kama kijiko cha sukari ndani ya pipa. Kuongeza kurasa hakusaidii, maana kurasa mpya nazo huzaa wahusika.

George R. R. Martin, mwandishi wa mfululizo wa A Song of Ice and Fire, alikumbana na ukuta huo huo kwa njia nyingine. Baada ya kitabu chake cha tatu mwaka 2000 alikusudia kuiruka miaka mitano ya kisa, akaona hairukiki. Kitabu cha nne kikavimba hadi kikagawanywa, si kwa wakati bali kwa mahali na wahusika: baadhi wakaingia katika kile cha 2005, wengine wakangojea cha 2011. Aliyempenda Tyrion alikaa miaka kumi na moja bila kumwona. Cha sita bado tunakingoja.

Nikubali pia kwamba kungoja kunabadilisha kitabu. Anayeanza leo anavikuta vyote kumi na vinne rafuni, anamaliza cha kumi kwa wiki moja na kushika cha kumi na moja usiku ule ule. Sisi wa 2003 tulikikalia miaka zaidi ya miwili kikiwa ndicho neno la mwisho. Jordan aliugua, akafariki Septemba 2007 bila kumaliza. Mjane wake Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aendeleze kazi kwa maandishi yaliyoachwa. Kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Vinasogea kwa kasi, na sababu mojawapo ni kwamba nyuzi zilikuwa zinafungwa, hazifunguliwi tena. Lakini wanaosema Sanderson ndiye aliyeiokoa hadithi wamdhulumu marehemu. Kitabu cha kumi na moja, Knife of Dreams, ni cha Jordan mwenyewe, na ndicho kilichopata upepo tena. Aliona mahali mashua iliposimama.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimwambia nini? Sikumwambia avumilie. Nilimwambia asome cha kumi uzi kwa uzi: sura za Mat zote kwa pamoja, kwa kuwa baina yake na Tuon kuna jambo linalobadilika kila wanapozungumza, kisha za Egwene, maana katika kurasa za mwisho anatekwa na swali lote linapinduka. Sura za wanaoshangaa nguvu ya mbali azipitie kwa jicho tu, wala asione haya. Hakuna malaika anayeandika kurasa ulizoruka.

"Na Perrin?" akauliza.

"Za Perrin zisome zote," nikamwambia, "maana utazihitaji katika cha kumi na moja."

Alikwenda nacho. Cha kumi na moja nilikuwa nacho ndani, kimechakaa jalada, nikampa siku ya Ijumaa baada ya sala. Juzi usiku nimeona ujumbe wake kwenye simu, umeingia saa saba kasorobo: "Mjomba, amempata. Nimeamka kitandani nikasimama."