Fomu ya kuwasili ya mtandaoni: yanayosemwa saiba na yaliyo kweli

Ile karatasi ndogo ambayo wahudumu wa ndege walikuwa wakigawa kabla ya kutua inatoweka. Malaysia iliifanya fomu ya mtandaoni kuwa lazima tangu Januari 2024, Thailand ikafuata tarehe 1 Mei 2025, India ikaanza yake tarehe 1 Oktoba 2025, na Indonesia nayo mwaka huo huo. Singapore na Ufilipino zilikuwa zimeshatangulia. Mgonjwa wa Kakamega anayekwenda India kufanyiwa upasuaji, mfanyabiashara wa Kisumu anayefuata mzigo wa nguo Bangkok, mkimbiaji wa Iten aliyealikwa mbio za Singapore, wote watakutana nayo. Wengi huijazia saiba, yaani kwenye duka la intaneti, na huko ndiko maneno mengi yanayofuata hapa huzaliwa.

"Nimeshajaza fomu, sasa viza ya nini?"

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Fomu ya kuwasili ni taarifa tu: unaiambia idara ya uhamiaji ya nchi ile wewe ni nani, unafika lini, kwa ndege ipi, na utalala wapi. Haikupi ruhusa ya kuingia. Mkenya anayekwenda India anahitaji viza. Kama ni matibabu, kuna viza ya kielektroniki ya mgonjwa, na wasindikizaji wake, wasiozidi wawili, wana viza yao ya aina nyingine. Viza ikishatoka ndipo kila mmoja wao hujaza fomu ya kuwasili. Ni vitu viwili tofauti, hata kama tovuti zake zinafanana rangi.

Mkanganyiko huu una upande wake wa pili. Wapo waliolipia ETA ya Uingereza, yaani kibali cha kusafiri cha kielektroniki, wakidhani imechukua mahali pa viza. ETA ile ni ya raia wa nchi zisizodaiwa viza na Uingereza, na Kenya haimo. Vilevile eTA ya Kenya ni ya wageni wanaoingia kwetu. Mwenye pasipoti ya Kenya haihitaji anaporudi nyumbani, na mtu asikutoze hata shilingi kwa ajili yake.

"Inalipiwa, kama dola hamsini hivi"

Fomu za Thailand, Malaysia, Singapore, India, Indonesia na Ufilipino ni za bure. Ukifika kwenye ukurasa unaodai nambari ya kadi ya benki, umepotea njia. Ukitafuta kwenye Google, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya mawakala, na baadhi yao wamebandika bendera na nembo kama za serikali. Usiangalie nembo, angalia mwisho wa anwani ya tovuti: Thailand ni .go.th, Malaysia .gov.my, Singapore .gov.sg, India .gov.in, Indonesia .go.id, Ufilipino .gov.ph. Anwani inayoishia .com au .org, hata ikiwa na jina la nchi katikati, si ya uhamiaji.

Mhudumu wa saiba akikutoza ada ya kukuandikia na kukuchapishia, hiyo ni haki yake. Lakini hiyo ni bei ya kazi yake, fomu yenyewe haina bei. Zipo nchi zinazotoza, kwa mfano Shelisheli, ila kule unalipia kibali cha kusafiri kinachoombwa kabla ya safari, ambacho ni kitu kingine.

"Jaza mwezi mmoja kabla, ulale usingizi"

Mfumo hautakubali. Nchi nyingi hufungua dirisha la siku tatu, yaani saa 72, kabla ya kufika. Singapore huhesabu na siku yenyewe ya kuwasili: ukitua tarehe 15, unaanza kujaza tarehe 13. Na tarehe hiyo ni ya kule. Singapore iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo Kisumu ikifika saa moja jioni ya tarehe 12, kwao tarehe 13 imeshaanza.

Wakala anayekuambia atakujazia wiki tatu kabla, ama anakaa na taarifa zako akisubiri dirisha lifunguke, ama anakudanganya.

Tarehe inayoulizwa ni ya kutua, si ya kuondoka. Ukiruka Nairobi Jumatatu saa tano usiku, utashuka Bangkok Jumanne, na hiyo Jumanne ndiyo inayoandikwa. Saa nazo zina mtego wake kwa sisi tunaohesabu Kiswahili. Fomu hutumia saa 24: saa mbili usiku ni 20:00, saa mbili asubuhi ni 08:00. Anayeandika 02:00 kwa sababu kichwani mwake ni saa mbili amejipeleka usiku wa manane.

"Jina ni jina, alimradi linasomeka"

Hapa ndipo tungependa usome polepole. Afisa hulinganisha fomu na ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti, yenye herufi 44 kila mmoja, wa kwanza ukianza na P<KEN. Jina la ukoo ndilo linalofuata moja kwa moja baada ya KEN. Zikija alama mbili za <<, yanayofuata ni majina mengine. Mpangilio huo unaweza kutofautiana na ule uliozoea kwenye kitambulisho au kwenye tiketi, kwa hiyo nakili kutoka hapo chini, usiandike kwa mazoea. Una majina matatu? Jaza yote, la katikati likiingia kwenye kisanduku chake au pamoja na la kwanza, kutegemea fomu.

Ritifaa, ile alama ya ('), ni tatizo letu hasa. Ong'ayo, Achieng', Ng'ang'a: katika mistari ile alama hiyo huondolewa, na jina husomeka ONGAYO au NGANGA. Fomu nyingi hukataa alama yoyote isiyo herufi. Ukiona ujumbe mwekundu chini ya jina na hujui kosa liko wapi, anza na ritifaa.

Katika nambari ya pasipoti, mara nyingi kosa ni herufi O kuandikwa mahali pa sifuri, au I mahali pa 1. Katika nambari ya simu, ukishachagua +254, ile sifuri ya mbele haiandikwi tena.

"Nilipandia Kisumu, naandika Kenya na ndege ya Kisumu"

Fomu inataka ndege inayokuingiza katika nchi ile. Ukitoka Kisumu hadi Nairobi, kisha Addis Ababa, kisha Bangkok, nambari ya ndege ni ya kipande cha Addis Ababa kwenda Bangkok, na nchi uliyopandia ni Ethiopia. Nchi unakoishi inabaki Kenya. Na kama unapita tu Bangkok au Singapore bila kupita uhamiaji, hujazi fomu ya huko.

"Maswali ya afya yamo ndani, kwa hiyo kadi ya manjano ibaki nyumbani"

Hapana. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na India, Thailand na Singapore hudai kadi hiyo, yaani cheti chenyewe cha chanjo, kwa anayetoka kwetu. India inaweza kukuweka karantini hadi siku sita ukifika bila hicho. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hakiishi muda, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Linganisha hizo siku 10 na dirisha la siku tatu: anayekumbuka chanjo wakati wa kujaza fomu ameshachelewa.

Thailand pia huuliza nchi ulizokaa wiki mbili zilizopita. Mkazi wa Busia aliyekuwa Uganda wiki iliyopita aiweke Uganda pamoja na Kenya.

"Mtoto mchanga hana haja"

Anayo. Kila mwenye pasipoti ana fomu yake, hata wa miezi miwili. Baadhi ya mifumo hukuruhusu kuwaingiza jamaa wote kwa pamoja, lakini kila mmoja kwa taarifa zake.

"Ukikosea umejiharibia safari"

Hoteli ikibadilika au ndege ikiahirishwa, mifumo mingi huruhusu kurekebisha. Kwa Thailand, jina, nambari ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa havihaririwi. Jaza fomu mpya, haina gharama. Na safari nyingine ni fomu nyingine, hata ukirudi baada ya wiki moja.

"Imo kwenye baruapepe, yatosha"

Inatosha kama ni baruapepe yako na simu ina chaji. Saiba wengine huweka anwani yao ili kazi iende haraka, kisha uthibitisho unabaki kwao. Tumia yako. Pakua ile PDF, piga picha ya skrini yenye msimbo wa QR, chapisha nakala moja uiweke pamoja na kadi ya manjano. Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya watu, futa picha ya pasipoti kwenye folda ya vipakuliwa na utoke kwenye akaunti yako.

Fanya haya ungali Kisumu. Ndege ya kwenda Nairobi haikuulizi fomu, kwa hiyo aliyesahau hugundua akiwa kwenye kaunta ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, foleni ikiwa nyuma yake.