Je, wajua? Kwa nini dayosisi ya Gardar ililipa zaka kwa meno ya walarasi

Mwaka 1282 askofu mkuu wa Nidaros (leo Trondheim, Norwei) alikuwa na shida. Zaka ya Greenland ilimfikia kwa ngozi za ng'ombe, ngozi za sili, na meno ya walarasi na kamba za ngozi yake, bidhaa ngumu kuuzika. Papa Martin IV akamjibu: zigeuzwe fedha au dhahabu.

Zaka hiyo ilitoka dayosisi ya Gardar, kusini mwa Greenland, mahali paitwapo leo Igaliku. Askofu Arnald aliwekwa wakfu kwa ajili yake mwaka 1124. Walowezi wa huko, wenye asili ya Skandinavia, hawakuwa na sarafu wala nafaka ya kuuza. Walichokuwa nacho, na Ulaya ikakitaka, ni walarasi, mnyama mkubwa wa bahari za barafu wa jamii ya sili, mwenye meno mawili marefu.

Kumpata kulikuwa kazi. Wawindaji walisafiri kiangazi hadi eneo la Ghuba ya Disko, zaidi ya kilomita 800 kaskazini. Mzoga haukubebeka, hivyo walikata mbele ya fuvu, meno yakiwa bado yamo. Mzizi wa jino umezama ndani kabisa ya taya. Ukipiga shoka ovyo, unaharibu mali. Kwa hiyo mfupa ulibanduliwa taratibu nyumbani, na vipande vyake wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta kwa wingi mashambani.

Mzigo wa meno uliolipwa mwaka 1327 ulikuwa lispundi 127 (kipimo cha zamani cha uzito), karibu kilo 650. Kwa makadirio, hayo ni meno 520, yaani walarasi 260.

Udhaifu wa biashara hii ulikuwa ndani ya jino lenyewe. Kiini chake kina chembechembe na madoa, kwa hiyo mchongaji hupendelea tabaka la nje, nalo ni jembamba. Pembe ya ndovu ni kubwa na laini hadi ndani. Kuanzia karne ya 13 pembe hizo, zikiwemo za Afrika Mashariki zilizopita Bahari ya Shamu, zilifika Ulaya kwa wingi, na watafiti wengi wanaona ndizo zilizoshusha bei ya walarasi.

Askofu Alf alifariki mnamo 1378. Wengine waliteuliwa baada yake, ila hakuna aliyekwenda kukaa Gardar.

Mwaka 1926 kaburi la askofu lilichimbuliwa katika magofu ya kanisa kuu. Alikuwa na pete yake, na fimbo ya kiaskofu ambayo kichwa chake kimechongwa kwa jino la walarasi.