Je, wajua kwa nini jogoo wa sadaka hunadiwa nje ya kanisa?

Katika vijiji vingi vya Chamwino, Bahi na Kongwa, mkoani Dodoma, ibada ya Jumapili ikiisha watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanatoka wakiimba, wanasimama kwa duara uwanjani, na mzee wa kanisa anamwinua jogoo aliyefungwa miguu: "Elfu nane hapa, nani anaongeza?" Jogoo akishapata mnunuzi linafuata debe la mtama, kisha trei ya mayai, kisha kifurushi cha mlenda mkavu. Mgeni aliyezoea bahasha na kapu la noti huweza kudhani amefika gulioni.

Sababu ya kwanza iko kwenye kalenda ya mkulima. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kiasi chake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Anayelima mtama, uwele, karanga au alizeti hushika fedha akishavuna na kuuza. Miezi mingine mali yake iko ghalani au inadonoa uani. Kanisa likipokea noti peke yake, mjane mwenye kuku watatu na bila shilingi mfukoni atakaa mtazamaji karibu mwaka mzima. Mnada unampa nafasi ya kutoa alicho nacho, leo. Kanisa nalo linapata fedha taslimu, maana fundi wa bati hawezi kulipwa kwa mlenda.

Utoaji wa namna hii una mizizi mirefu. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inamwagiza Mwisraeli atie malimbuko ya shamba kikapuni na kuyapeleka mbele za Mungu. Sura hiyohiyo inataja wa kushirikishwa zaka: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo mavuno yanayoletwa madhabahuni yalikuwa tangu mwanzo na mlaji wake, mtu mwenye njaa.

Ipo pia sababu ya kihistoria, na kwangu hii ndiyo nzito. Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, msafara wao ukiwa njiani kwenda Buganda. Katibu wa shirika hilo katikati ya karne ya 19, Henry Venn, alikuwa ameshafundisha kwamba kanisa la mahali linapaswa kujitegemea kwa fedha, kujiongoza na kujieneza lenyewe, na mmisionari aondoke kazi ikishasimama. Utekelezaji ulikwenda polepole mno. Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao yake Dodoma, iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na hadi mwaka 1971 ndipo Yohana Madinda akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Lakini kujitegemea hakuanzii kwenye kiti cha askofu. Kunaanzia pale ambapo watu wa kijiji wanakubali kwamba posho ya mwinjilisti, bati la paa na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ni mzigo wao.

Tazama mnada unavyokwenda. Mtu anamnunua jogoo kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, naye anajua hivyo. Anaweza kumrudisha anadiwe tena. Au watu wanachangishana, mia tano huyu, elfu moja yule, kisha wanamkabidhi jogoo kwa mwinjilisti au kwa bibi mgonjwa aliyeshindwa kufika. Aliyeleta ni mmoja, waliotoa wanafika kumi, na bado kuna anayekwenda kula. Kapu linalopitishwa kimya kwenye mabenchi haliwezi kufanya hayo yote.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kanisa ni mwili wenye viungo vingi, na jicho haliwezi kuuambia mkono "sina haja nawe". Kwa Waefeso alisema wachungaji na walimu wamewekwa ili kuwaandaa waumini wote kwa kazi ya huduma. Vijijini kwetu hili linaonekana wazi kanisa linapojengwa: vijana wanafyatua tofali, akina mama wanachota maji, wazee wanasimamia. Kwa Wakatoliki, kazi kama hiyo inabebwa na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele katika mipango yao mwaka 1976. Nyumba chache za jirani zinasali pamoja, na msiba ukitokea zinakuwa za kwanza kufika.

Mnada una hatari zake, na ni vizuri zisemwe. Mnadi akianza kuita majina, "mheshimiwa mbona uko kimya leo," sadaka imegeuka deni. Mwenye gari akishangiliwa kwa laki moja huku aliyeleta mayai manne hata hajatazamwa, tumemwaibisha mtu ambaye Yesu alimsifu, yule mjane wa senti mbili hekaluni. Nadhani mnadi mzuri hataji jina la mtu hata mara moja.

Cha kushangaza ni kwamba desturi hii haikufa mjini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, makanisa ya jiji yamejaa watumishi wenye mshahara, na sadaka inatumwa kwa simu. Sababu ya ukosefu wa fedha taslimu imepungua, lakini bado utaona zabibu, boga au mfuko wa sukari ukinadiwa baada ya ibada. Mnada unabaki kwa sababu ni dakika ishirini ambazo watu wanatazamana usoni, karani aliyehamia juzi anajikuta akishindana bei na mama wa mtaa wa Nkuhungu, na mara nyingi hapo ndipo anapoulizwa anakaa mtaa gani na kama ameshajiandikisha kwenye jumuiya.