Triathloni ndefu: marathoni yako inaamuliwa juu ya baiskeli

Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye triathloni ya masafa marefu, yaani kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya 42.2, karibu kila mara huanza na swali la kuogelea. Si ajabu, maji yanatisha. Lakini piga hesabu ya mtu atakayemaliza kwa saa 13: majini saa 1 na dakika 20, baiskeli saa 6 na dakika 40, kukimbia saa 4 na dakika 45, na robo saa ya kubadilisha nguo na viatu. Zaidi ya nusu ya muda wote uko juu ya kiti cha baiskeli, na hapo ndipo mahali pekee unapoweza kula kwa utulivu. Ukishuka umejichosha au tumbo limegoma, mazoezi yote ya kukimbia uliyofanya hayatakusaidia kitu. Ukishuka umekula vizuri na miguu bado ina akiba, hata mkimbiaji wa kawaida anafika.

Mfano nitakaoutumia ni Ironman ya Afrika Kusini, mojawapo ya triathloni za masafa hayo, inayofanyika Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, kwenye ghuba ya Nelson Mandela. Ni mbio kamili, ndani ya bara letu, na ina mambo mawili ambayo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hakuyazoea: maji baridi na upepo usiopumzika. Kwa nusu ya umbali (1.9, 90 na 21.1) kuna mbio za Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, zilizoanza mwaka 2022. Angalia kalenda ya mwaka husika, na ukiweza, anza na nusu.

Mazoezi nitayapitia haraka kwa sababu ndiyo sehemu iliyoandikwa sana. Mwenye kazi na familia anahitaji wiki 20 hadi 24, saa 8 hadi 12 kwa wiki, na kila wiki ya nne apunguze karibu theluthi. Safari ndefu ya baiskeli ipande kutoka kilomita 80 hadi 150 au 160. Kukimbia kurefu kuishie kilomita 28 hadi 30. Sioni faida ya kuzidisha hapo, maana majeraha huja haraka kuliko nguvu. Mara moja kwa wiki, ukishuka kwenye baiskeli, vaa viatu hapo hapo ukimbie dakika 20 hadi 40. Wiki mbili hadi tatu za mwisho unapunguza muda wa mazoezi, si kasi. Kosa ninaloliona zaidi ni watu kufanya kila kitu kwa kasi ya katikati: si polepole ya kujenga pumzi, si kali ya kuongeza nguvu.

Kanyaga kwa hesabu

Fanya kipimo cha dakika 20: endesha kwa nguvu kubwa zaidi unayoweza kuishikilia mwanzo hadi mwisho, chukua wastani wa wati, zidisha kwa 0.95. Tuseme umepata 220. Siku ya mashindano wastani wako uwe kati ya wati 145 na 155, yaani asilimia 66 hadi 70. Kwenye kilima usivuke 185, hata kama watu wanakupita makundi kwa makundi. Watakupita kweli, na wengi wao utawakuta wanatembea kilomita ya 25 ya marathoni. Asiye na kipima wati atumie mapigo ya moyo aliyoyazoea kwenye safari zake ndefu, pamoja na mdomo wake: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Nusu saa ya kwanza usiyaamini mapigo, kwa sababu unatoka majini na moyo bado uko juu.

Upepo wa mbele humlaghai mtu. Mwendo unashuka hadi kilomita 22 kwa saa, anaangalia saa, anaona amechelewa, anakanyaga zaidi. Sasa, nguvu ya kushindana na hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: kuongeza mwendo kwa asilimia 10 tu kunadai karibu theluthi moja ya nguvu zaidi. Dakika tatu ulizookoa hapo utazilipa nusu saa ukiwa unakimbia. Kinacholipa ni kujikunja: viwiko kwenye vishikio vya mbele, kichwa chini ya usawa wa mabega, nguo zisizopepea. Ila mkao huo uufanyie mazoezi ya saa nne na tano. Mkao mzuri usioweza kukaa nao zaidi ya saa moja hauna faida, utainuka na kuwa tanga.

Kumfuata mtu mgongoni ili akukinge upepo hairuhusiwi. Kanuni ya kawaida kwa wasio wa kulipwa ni mita 12 kutoka gurudumu la mbele la aliyekutangulia hadi gurudumu lako la mbele. Ukiingia ndani ya umbali huo una sekunde 25 za kumpita. Ukishindwa, ni dakika 5 za kusimama kwenye hema la adhabu. Helmeti nayo ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha kwenye chuma chake.

Tumbo

Hapa ndipo mbio nyingi hufia. Ukianza siku na akiba kamili ya wanga mwilini, bado haitoshi kwa saa 13, kwa hiyo lazima uwe unaongeza njiani. Lengo ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Utumbo hupokea glukosi kiasi cha gramu 60 hivi kwa saa, kisha mlango wake unajaa. Fruktosi hupita mlango mwingine. Ndiyo maana vinywaji vya kuvuka gramu 60 huchanganya vyote viwili, na ndiyo maana sukari ya dukani, ambayo nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, si ya kudharau. Chupa ya mililita 750: sukari gramu 60 (vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa), chumvi robo kijiko cha chai, limau la kukata utamu. Robo kijiko hicho cha chumvi kina sodiamu karibu miligramu 580. Chupa moja kwa saa, pamoja na nusu ya ndizi mbivu, ambayo itakuongezea gramu 12 hivi, na tayari umevuka 70. Kwa safari yote ya baiskeli ni karibu gramu 480 za wanga. Huwezi kuzikumbuka kwa hisia; weka saa ilie kila dakika 15.

Utumbo nao hufanyiwa mazoezi. Anza na gramu 40 kwa saa kwenye safari ndefu, ongeza 10 kila baada ya wiki mbili. Anayekula gramu 30 mazoezini kisha 90 siku yenyewe anajitafutia kutapika. Kifungua kinywa kiwe saa tatu kabla: wali mweupe, mkate mweupe na asali, au uji mwepesi wenye sukari. Maharage, chapati za mafuta na mboga za majani ziache kuanzia jana yake mchana.

Hali mbaya huja hivi. Kilomita ya 110, jua limepanda, mtu amechelewa kula kwa hiyo anameza jeli mbili, zile pakiti za wanga mzito, kwa mkupuo na kuzisukuma kwa kinywaji kitamu. Damu nyingi iko kwenye misuli na kwenye ngozi, tumboni imebaki kidogo. Mchanganyiko ni mzito kuliko damu, basi badala ya utumbo kunyonya, mwili unavuta maji kuyaingiza tumboni ili kuuzimua. Tumbo linajaa, linacheza maji ukilitikisa, unacheua, kisha kichefuchefu. Wengi hapo huongeza jeli wakidhani wameishiwa nguvu. Kinachotakiwa ni kinyume: shusha nguvu hadi asilimia 55 ya kile kipimo chako cha wati kwa dakika 15, kunywa maji matupu kidogo kidogo, jimwagie maji shingoni na kifuani, usile chochote. Tumbo likianza kushuka, rudi na vipande vidogo vya ndizi au kinywaji chepesi. Dakika hizo 15 si hasara, kwa sababu ukilazimisha utakaa kando ya barabara muda mrefu zaidi. Na jeli siku zote ifuatwe na maji, kamwe si kinywaji kingine cha sukari.

Maji ya kunywa yapime, usiige ya mwenzako. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja kwa kasi ya mashindano, jifute, jipime tena. Ulikuwa kilo 70.0, sasa 69.2, na ulikunywa nusu lita: umetoka jasho lita 1.3. Rudisha kati ya asilimia 60 na 80 ya hiyo, si yote. Mtu wa pwani aangalie hapa kwa makini: jasho lako la Dar mwezi Februari silo jasho lako Gqeberha mwezi Machi au Aprili, kukiwa na nyuzi 20 na upepo. Ukinywa kule kiasi cha huku, utazidisha maji, na sodiamu ya damu itashuka. Dalili zake ni pete kubana, vidole kuvimba, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa. Ni hatari kuliko kiu, na kuongeza maji matupu huzidisha tatizo. Ukiziona, acha kunywa na umwone daktari wa mashindano.

Maji baridi

Bahari ya Gqeberha wakati wa mbio mara nyingi huwa karibu nyuzi 18 hadi 20. Yetu ni 25 hadi 29. Ukiingia ghafla, kifua kinabana na pumzi inakatika bila hiari yako. Hali hiyo hupita ndani ya dakika moja hadi mbili ikiwa hutapigana nayo. Ingia siku mbili kabla, dakika 10 hadi 15 kila siku, uso ndani ya maji. Siku yenyewe mita 200 za kwanza ziende taratibu, ukitoa pumzi yote majini.

Wetsuti, vazi la mpira la kuogelea kwenye maji baridi, inaruhusiwa maji yakiwa hadi nyuzi 24.5, na unene wake usizidi milimita 5. Uvaaji wake ndio unaowaangusha wengi. Valisha mguu mfuko wa plastiki ili upite kwa urahisi, vuta kwa ncha za vidole na si kucha, na uhakikishe imefika juu kabisa kwenye makutano ya mapaja kabla hujavaa mabega. Ikibaki chini sentimita tatu tu, kila mzunguko wa mkono utakuwa unavuta mpira, na kufikia kilomita ya kwanza mabega yanawaka. Paka shingo mafuta ya wetsuti. Vaseline huharibu mpira. Kuizoea, tumia bwawa asubuhi na mapema au nenda nyanda za juu. Ukiivaa kwenye bahari ya huku kwa saa nzima utachemka.

Mazoezi ya wazi pwani yafuate kalenda ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huvuka mita 3, na mkondo kwenye mlango wa mwamba humshinda hata mwogeleaji hodari. Chagua maji mafu, au saa ile maji yanapokaribia kujaa, ubaki ndani ya mwamba, uwe na mwenzako na boya la rangi kali kiunoni. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa zaidi, nayo yafaa kwa kujifunza kutazama mbele: kila mizunguko 6 hadi 10, inua macho tu juu ya maji kama mamba, kisha geuza kichwa uvute pumzi. Ukiinua kichwa chote miguu inazama.

Kusafirisha baiskeli

Kabla ya kufungua, zungushia utepe nguzo ya kiti usawa wa fremu, ili urudishe kimo kile kile. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia. Watu huharibu nyuzi zake za skrubu hotelini usiku wa kuamkia safari. Kifungue kibadilisha giya cha nyuma ukifunge kwa ndani, maana kile kipande cha alumini kinachokishika hupinda sandukuni, na kikipinda mnyororo utaruka giya au utaingia kwenye spoki. Beba kipande cha akiba. Vichupa vya gesi ya kujazia tairi vinunue huko huko, mashirika mengi ya ndege huvizuia. Ukishaunganisha, endesha kilomita 20 na ujaribu kila giya.

Kilomita 42

Miguu inapotoka kwenye baiskeli inajidanganya: unahisi unaenda taratibu kumbe una kasi ya nusu marathoni. Kilomita 5 za kwanza kaa nyuma ya mwendo uliopanga kwa sekunde 15 hadi 20 kila kilomita. Tembea hatua 20 hadi 30 kwenye kila meza ya maji ili unywe kweli, badala ya kujimwagia usoni. Barafu weka kofiani, maji ya kujipoza yamwage kichwani ukiwa umeinama mbele, yasiingie viatuni, kwa sababu soksi iliyolowa ndiyo inayoleta malengelenge. Wanga sasa ushuke hadi gramu 40 au 50 kwa saa, tumbo halitapokea zaidi ukiwa unaruka ruka. Soda ya kola iliyotoka gesi iachie nusu ya pili. Sukari yake hufanya kazi upesi na huisha upesi. Ukishaianza usiiache: glasi ndogo kila meza mpaka mwisho, la sivyo utaanguka nguvu ndani ya dakika 20.