Kilimo hai sio fasheni ya juzi

Wengi wanadhani haya mambo ya kilimo hai (kulima bila kutegemea mbolea na dawa za viwandani), kilimo endelevu, sijui kilimo rejeshi (kile cha kurudishia udongo rutuba), yameanza juzi mitandaoni. Hapana jamani, jina ndo linabadilika kila kizazi. Mwaka 1924 mwanafalsafa wa Austria Rudolf Steiner alishatoa mihadhara ya kilimo (ile sehemu ya nguvu za nyota kwenye mimea mi huwa naipita tu), halafu mtaalamu wa mimea Mwingereza, Albert Howard, akiwa Indore, India, akajifunza kwa wakulima wenyeji na akaboresha mboji ya tabaka, yaani majani, samadi, udongo na majivu kidogo, unamwagia maji, unageuza, baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, inapukutika mkononi na harufu ya samadi imeisha kabisa. Miaka ya 1970 Bill Mollison na David Holmgren wa Australia wakaja na pamakalcha (permaculture, yaani kupanga shamba lifanane na mfumo wa asili), miaka ya 80 Robert Rodale wa Marekani akaipigia debe "rejeshi".

Ila majina hayalingani. "Hai" nchi nyingi lina sheria na ukaguzi, na bado dawa za ukungu kama za shaba zinaruhusiwa, kwa hiyo usidhani hakuna kupuliza kabisa. "Rejeshi" halina maana moja iliyokubalika, hata muuzaji anaweza kulibandika tu kwenye pakiti.