Matanga yameanuliwa, kilio kimebaki

Hapa Tanga mlevi akifa huzikwa kama waja wengine: huoshwa, husaliwa, hitma husomwa, matanga yakaanuliwa. Watoto wanarudi makazini. Miezi baadaye ndipo wengine wanaponijia, wakishangaa mbona makaburini hawakutoa chozi na sasa wanalia kwenye daladala.

Misiba yao ni miwili: wa mzee aliyefariki, na wa baba ambaye hawakuwahi kumpata. Huu wa pili ndio mzito. Ulianza utotoni, mtoto akitega sikio nyayo za mtu anayetoka kunywa mnazi, apate kujua usiku utakuwaje. Ukubwani bado ametega sikio: bosi akinyamaza, yeye anatafuta kosa lake. Na kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, hana pa kuutolea msiba huo.

Ninawaanzishia kuandika: dakika 15, siku nne mfululizo, kipimo alichokitumia mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani katika utafiti wa 1986. Mada nimezigawa mwenyewe. Siku ya kwanza ni tukio moja, lenye umri na mahali. "Baba alikuwa mlevi" haitoshi; "nikiwa darasa la tano, pesa ya sare iliishia kilabuni" ndiyo yenyewe. Ya pili, ulikosa nini. Ya tatu, nani aliubeba mzigo wa baba; mara nyingi ni binti mkubwa. Ya nne ni barua kwa baba, na mazuri yake yamo, maana wengi huona haya kumkumbuka akicheka. Barua haipelekwi popote.

Zoezi hili huharibika wapi? Kwa kukimbilia msamaha siku ya kwanza. Hasira inafunikwa tu. Kwa kuandika usiku wa manane, ilhali moyo huwa mzito zaidi mara baada ya kuandika. Na kwa kumsomea mama aliye edani: ana miezi minne na siku kumi za msiba wake mwenyewe. Ukianza kuwaza kujidhuru, acha daftari, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Kama mzazi yu hai na anakunywa kila siku, tafadhali msimfungie chumbani ili aache. Mtetemeko huanza saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, degedege ndani ya siku mbili, kuweweseka siku ya pili au ya tatu. Hali hiyo huua. Aachishwe hospitalini.