Gesi inavyofichua mabadiliko ya polepole ya galaksi

Jua letu huchukua zaidi ya miaka milioni 200 kukizunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, mara moja, kwa hiyo mtu anayetaka kujua jinsi galaksi yenye mikono iliyojisokota inavyobadilika hawezi kungoja aone umbo lake likigeuka. Sisi tunaofanya kazi hii hupima kasi, na hasa kasi ya gesi. Nyota zimetengana mno, hivyo hupishana bila kugongana na hubaki katika njia zao kwa mabilioni ya miaka. Mawingu ya gesi yakikutana hugongana, yakapoteza nishati, na njia yao ikabadilika. Tena, haidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, yaliyonaswa mara ya kwanza mwaka 1951, nayo hurefuka gesi inapotukimbia na kufupika inapotusogelea, hivyo urefu wake hutuonyesha kasi ya gesi.

Mwaka 1957 wanafalaki wa Uholanzi, Jan Oort akiwa mmoja wao, walieleza habari za mkono wa haidrojeni ulioko kati yetu na kitovu, unaotusogelea kwa kilomita 53 hivi kwa sekunde. Hilo lilikuwa fumbo, kwa kuwa gesi inayozunguka katika duara kamili, ikitazamwa kuelekea kitovuni, hupita mbele yetu kwa kukingama, haiji wala haiendi. Palikuwa na waliofikiria mlipuko. Mwaka 1964 Gérard de Vaucouleurs alipendekeza maelezo ambayo kwa maoni yangu yalikuwa ya busara zaidi: kwamba katikati ya galaksi yetu pana upau, yaani mkusanyiko mrefu wa nyota, ambao uvutano wake huilazimisha gesi kufuata njia za duaradufu. Upau huo umethibitishwa, na mwaka 2008 Thomas Dame na Patrick Thaddeus walitangaza mkono pacha upande wa pili wa kitovu, ukituacha kwa kasi inayokaribiana na ile ya kwanza.

Upau ndio injini ya mabadiliko. Gesi inayoupitia hubanwa kwenye mawimbi ya mshtuko, ambayo katika picha huonekana kama mistari myeusi ya vumbi, ikapoteza sehemu ya momenta yake ya mzunguko, yaani kiasi cha mwendo wa kuzunguka kinachoizuia kuangukia kitovuni, na kuteremka ndani. Katika NGC 1097, galaksi yenye upau iliyoko kundinyota Tanuri, gesi hiyo imejikusanya katika pete inayozaa nyota kwa wingi kukizunguka kitovu.

Hata hivyo, kuona gesi ikielekea ndani si ushahidi kwamba itabaki huko, kwa kuwa katika njia ya duaradufu kila kinachoingia hutoka tena. Mteremko wa kweli wa kilomita 1 tu kwa sekunde ungeisogeza gesi takriban miakanuru 3,300 katika miaka bilioni moja, ilhali mwendo wa kwenda na kurudi hufikia makumi ya kilomita kwa sekunde na kuufunika kabisa. Ndiyo maana hatuishii kwenye ramani ya kasi: tunapima mgawanyo wa nyota kwa mwanga wa infraredi, tunakokotoa uvutano wake, kisha tunatafuta ni wapi uvutano huo unaipunguzia gesi momenta na ni wapi unaiongezea.